Tumpimeje mfamasia anayelea wanafunzi kazini?

Wanafunzi wa famasia wakimaliza mafunzo kwa vitendo hapa Malindi, fomu zao huwasifu wasimamizi kwa maneno yaleyale: "mkarimu", "ametusaidia sana". Kazi yangu ni kuzisoma, na sioni zinaniambia nini. Mwanafunzi anajua msimamizi anayeandikwa ndiye anayemtia alama. Tena kituoni wanafunzi ni wawili, pengine mmoja. Hata asipotia jina, atajificha wapi?

Kwa hiyo fomu zifunguliwe alama zikishafika chuoni, na msimamizi asipewe maoni mpaka yakusanyike ya makundi kadhaa. Kubwa zaidi, tuache kuuliza kama ni mtu mwema. Tuulize alifanya nini kwenye dirisha la dawa.

Mama ametoka Ganda, mtoto ana malaria, kaandikiwa artemetha-lumefantrini. Mwanafunzi anaeleza mbiombio. Wapo wasimamizi ambao hapo huchukua pakiti wakaeleza wenyewe, foleni isonge. Aliye mwalimu hasa hungoja, kisha husema, "Hebu mwombe mama akwambie dozi ya pili atampa lini." Mama anajibu: kesho asubuhi. Kumbe hakuelewa! Ya kwanza ikinywewa saa sita mchana, ya pili ni saa mbili usiku, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, dozi sita jumla. Mwanafunzi anaeleza upya, taratibu, mpaka mama mwenyewe anayasema sawasawa. Foleni ikipungua, msimamizi anamuuliza kwa nini dawa hii huambatana na chakula au maziwa, amsikie kama anajua kuwa mafuta huisaidia kuingia mwilini.

Mwaka 1992 madaktari wa familia wa Marekani walichapisha mbinu ya hatua tano ya kufundisha kazini, nami nimezigeuza maswali ya fomu. Alikuacha uamue kwanza? Alikuuliza sababu? Alikufundisha kanuni moja utakayoitumia kwingine? Alikwambia ulichopatia? Alikusahihisha ulipokosea? Kila jibu lije na mfano wa wiki hiyo.

Fomu peke yake haitoshi. Mfamasia mwenzake msimamizi akae naye asubuhi moja, atazame. Na asiwe mkaguzi wa kuvizia. Msimamizi ajue siku na ajue kitakachotazamwa.

Chuo nacho kiulizwe. Kilimfunza kusimamia? Kilimwandikia malengo ya mwanafunzi? Anayehudumia dirisha peke yake siku ya kliniki ya kisukari hawezi kupimwa sawa na mwenye wasaidizi wawili. Akionekana hafundishi, kabla ya kumwondoa apunguziwe wanafunzi na aongezewe mtu dirishani, kisha atazamwe tena.