Je, wajua? Saa moja kwa siku humfunza fundi kuliko saa nne

Gereji na vyuo vingi vya ufundi vinaamini kwamba anayetaka kuijua kazi haraka ashinde kwenye mashine. Wiki mbili za kuchomelea asubuhi hadi jioni, kisha cheti. Na kwa macho inaonekana kweli: Jumatatu mshono wa mwanafunzi umejaa matundu na madonge, Ijumaa umenyooka, mwalimu anatabasamu. Ila mshono wa Ijumaa unaonyesha mkono uliochangamka kwa mazoezi ya wiki hiyo hiyo. Mteja ataleta geti lake mwezi ujao, na hapo ndipo cheti kinapopimwa.

Posta ya Uingereza ilikutana na suala hili ilipotaka wafanyakazi wake wajifunze kuchapa kwenye kibodi, kwa ajili ya kupanga barua kwa namba za posta. Mwanasaikolojia Alan Baddeley na mwenzake Longman waliwagawa katika makundi manne, kuanzia la saa moja kwa siku hadi la saa nne. Matokeo yalitoka mwaka 1978: kundi la saa moja lilifika baada ya saa 55 mahali ambapo kundi la saa nne lilihitaji saa 80.

Kinachotokea kinafanana na plasta. Mwashi akibandika udongo mnene ukutani kwa mkupuo mmoja, unateleza na kudondoka kwa uzito wake. Anayejua hupiga tabaka jembamba, huliacha lishike, hulikwaruza, ndipo huweka la pili. Mkono nao huhitaji muda wa kushika, na sehemu ya kazi hiyo ubongo huifanya mtu akiwa amelala. Kesho yake mwanafunzi amesahau kidogo. Kule kujikumbusha kona ya elektrodi (kijiti cha kuchomelea) na umbali wake na chuma ndiko kukwaruza kwenyewe. Anayeshinda kwenye mashine hana cha kukumbuka, maana hajapata nafasi ya kusahau.

Kuchapa si kuchomelea, hilo likubaliwe. Lakini mwaka 2006 huko Toronto madaktari wanaojifunza upasuaji walifundishwa kuunganisha mishipa midogo ya damu, wengine vipindi vinne kwa siku moja, wengine kipindi kimoja kila wiki. Mwezi mmoja baadaye wakajaribiwa kwa panya hai aliyepigwa ganzi. Wa kila wiki walifanya vizuri zaidi.

Cha ajabu, kule Posta kundi la saa moja ndilo lililoridhika kidogo kuliko yote. Piga hesabu utawaelewa: saa 55 kwa saa moja moja ni siku 55 za kazi, yaani wiki 11, wakati saa 80 za wenzao ziliisha kwa wiki 4. Chuo kinacholipia bweni hakiwezi kupuuza hilo. Ila hakuna aliyesema saa zinazobaki zilale bure. Asubuhi kuchomelea, mchana kusoma michoro, jioni kukata na kupima bati.