Siko seli na kushika mimba: maswali mnayoniulizaga kliniki

Nafanya kazi kliniki ya siko seli, na kuna swali mabinti hawaliulizi mama akiwa amekaa pembeni. Wanasubiri aende dirisha la dawa ndo wananivuta mkono, "eti sista, mimi ntazaa kweli?" Nimeyakusanya hapa ya aina hiyo, nayajibu kama ninavyoyajibu pale kwenye benchi.

Ni kweli mwenye siko seli hazai?

Anazaa. Kinachoumwa ni chembe nyekundu za damu, zinajikunja kama mundu (ndo maana wengine wanaita selimundu) alafu zinakwama kwenye mishipa midogo, sasa kizazi kipo na mayai yapo. Ila tusifichane, akiba ya mayai inaweza kuanza kupungua mapema kidogo kuliko kwa wenzako, na waliopewa damu mara nyingi sana madini ya chuma yanaweza kujaa mwilini yakavuruga homoni. Hiyo bado sio utasa. Mi kinachoniuma zaidi ni hili neno "hutazaa" lenyewe, manake binti kaambiwa toka ana miaka 12, anakua analiamini, akipata mtu wake hatumii kinga, kinga ya nini wakati hazai? Anakuja kwetu tumbo lina miezi minne na haidroksiyurea, dawa ya siko seli inayotakiwa kusimamishwa kabla ya mimba, bado anameza kila siku.

Nina miaka 15 sijavunja ungo, wenzangu wote tayari.

Kuchelewa mwaka mmoja au miwili kwa mwenye siko seli ni kawaida. Chembe nyekundu ya mtu mwingine inaishi siku kama 120, ya kwako 10 mpaka 20 hivi, kwahiyo mwili uko bize kutengeneza damu na mengine yanasubiri foleni. Ukifika 16 bila kuona kitu, sema kliniki wakupime.

Mbona maumivu yananijia na period?

Hujichanganyi, hiyo ipo. Kuna binti alikuja na kalenda ya ukutani kaikunja kwenye pochi, siku za hedhi kachora duara jekundu, siku za maumivu makali kaweka msalaba wa bluu, na misalaba sita kati ya nane ilikuwa ndani ya duara au imeligusa ubavuni. Hakuna aliyewahi kumuuliza. We chora hata kwenye daftari miezi mitatu alafu mpelekee daktari, kuna cha kufanya, na kimojawapo kipo jibu linalofuata.

Njia gani ya uzazi wa mpango inanifaa?

Sindano ya miezi mitatu wengi inawakaa vizuri, na kuna waliopungukiwa na yale maumivu baada ya kuanza kuchoma. Kijiti pia sawa. Vidonge vyenye homoni mbili usijinunulie tu duka la dawa, vina estrojeni ambayo inasaidia damu kuganda na damu ya mwenye siko seli tayari ina hiyo tabia. Kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza bleed, sa kama HB yako (kipimo cha wingi wa damu) ni 7 fikiria hapo. P2 kwa dharura unaweza kumeza, ila isiwe ndo mpango wako wa kila wikendi jamani.

Nataka mtoto, nianzie wapi?

Anza kabla ya mimba. Mwambie daktari wako, kwa sababu haidroksiyurea kwa kawaida inasimamishwa kama miezi mitatu kabla ya kuanza kutafuta, lakini usiiache mwenyewe kimyakimya, unaweza kuishia wodini. Mwenzako akiwa anaitumia naye aseme, kwa wanaume inashusha mbegu. Kama umeshanasa ukiwa unaimeza, njoo kesho yake, usikimbilie kutoa, wapo watoto wazima kabisa waliozaliwa hivohivo. Foliki asidi miligramu 5 kila siku endelea nayo. Taja na dawa zingine zote, za presha na za kupunguza chuma, zipo za kubadilishwa. Wakuangalie figo, moyo, macho.

Alafu mwanaume akapime. Kama hana kabisa kinasaba cha siko seli, watoto wenu wote watakuwa wabebaji tu, yaani wana kinasaba ila hawataumwa. Akiwa mbebaji, kila mimba ni kama kurusha shilingi, nusu kwa nusu, na wa kwanza kuwa mzima hakumpunguzii kitu wa pili. Wanaume wanakwepaga hiki kipimo sana, ila ni tone la damu tu.

Mimba yenyewe inakuwaje?

Ngumu kuliko ya jirani yako. Maumivu yanaweza kuja mara kwa mara, presha na kifafa cha mimba viko juu zaidi, mtoto anaweza kuwa mdogo au njiti. Kwahiyo mahudhurio yako ni mengi, na daktari anaweza kukuanzishia aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12. Chandarua kila usiku, malaria kwako sio homa ya kulala siku mbili. Kabla ya kumeza SP za kliniki (vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito) sema kwamba uko kwenye foliki ya miligramu 5, hicho kipimo kinaipunguzia SP nguvu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma usimeze mpaka wakupime chuma kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie, hasa miezi ya mwisho. Maji kunywa, baridi kimbia.

Kuzaa zalia hospitali yenye benki ya damu, sio zahanati ya karibu eti kwa sababu ya foleni, na ndugu waanze kuchangia damu mapema. Siko seli peke yake sio sababu ya kupasuliwa.

Nimesikia Dodoma wanapandikiza uloto, je nikipona ntazaa?

Hospitali ya Benjamin Mkapa wanafanya, ndio (uloto ni ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu). Ila kabla ya kupandikizwa unapewa dawa kali za kusafisha uloto wa zamani na hizo ndo zinaweza kuua mayai, kwahiyo uliza mambo ya kuhifadhi uzazi kabla hazijaanza kuingia kwenye dripu.