Salfa tunaijua sote, mpaka tuulizwe inafanyaje kazi

Fani yangu ni saikolojia ya elimu, na ukiwa Mtwara fani hiyo hukufikisha kwa wakulima wa korosho. Newala au Tandahimba, mwulize mtu kama anaujua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho tunaoupulizia salfa. "Mwalimu, mimi nimesomeshwa na korosho, utaniuliza hilo?"

Sawa. Salfa inafanya nini hasa? Wengi hujibu, "Inaua wadudu." La hasha. Salfa ya unga hukinga machipukizi na maua yasishambuliwe na ukungu. Mdudu kama mbu wa mikorosho ana dawa yake. Na kwa nini tunapuliza alfajiri? "Ndivyo tunavyofanya." (Umande huushika unga, na upepo haujaanza kuupeperusha.) Ukiwaambia sasa wajipime upya, wanajishusha wenyewe, tena kwa kicheko.

Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walilionyesha jambo hili mwaka 2002. Waliwataka watu wajipe alama, 1 hadi 7, jinsi wanavyoelewa vitu kama zipu na choo cha kuvuta maji, kisha waeleze hatua kwa hatua. Baada ya kueleza, alama zilishuka. Mazoea yalikuwa yamejivika joho la uelewa: zipu inafunga kila siku, basi tunadhani tunajua inavyofunga.

Jaribu baiskeli. Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool aliwapa watu kazi ya kuichora, matokeo yakachapishwa mwaka 2006, wengi walikosea. Mimi nimeona fundi mzuri tu wa kuendesha akizungusha mnyororo kwenye magurudumu yote mawili. Hebu baiskeli hiyo ikate kona!

Sasa, kuna utafiti wa David Dunning na Justin Kruger wa mwaka 1999, ambao watu huutumia kutukanana. Walioshika mkia kwenye majaribio kwa wastani waliwazidi watu 12 tu kati ya 100, wao wakakadiria kuwa wamewazidi 62. Kinachosahaulika ni kwamba hata hivyo hawakujiweka juu ya makadirio ya walioongoza. Hakuna mahali paliposemwa mjinga hujiona bora kuliko mjuzi. Na wapo watakwimu wanaodai sehemu ya pengo hilo inatokana na hesabu yenyewe, kwa kuwa aliye chini kabisa akikosea kujikadiria hana pa kukosea ila juu. Naona wana hoja.

Kinachonivutia zaidi ni walioongoza. Wao walijipunja, kwa sababu walidhani kilicho rahisi kwao ni rahisi kwa wote. Walipoonyeshwa majibu ya wenzao, wakajipandisha. Bwana shamba hodari ana ugonjwa huohuo. Atatumia saa nzima kueleza maisha ya ukungu, halafu kipimo cha salfa kwa kila mti akiruke, maana "hicho kila mtu anakijua."