Kabla Hujanunua Printa Nyingine, Fuata Waya Hadi Ukutani

Wiki iliyopita niliitwa Pasua, hapa Moshi, kwa mwalimu mmoja mstaafu anayechapa mitihani ya watoto wa tuisheni nyumbani kwake. Printa yake ilikuwa inashika na kuachia. Inachapa kurasa tatu vizuri, ya nne inaganda katikati, kompyuta inatoa ule mlio wa kifaa kilichochomolewa, na baada ya sekunde chache mlio mwingine wa kifaa kilichorudi. Wala hakuna aliyegusa kitu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba baba, karibu. Njoo uione hii printa, nataka kuitupa. Vijana wameshaniwekea draiva, ile programu ya kuiendesha, mara tatu."

Draiva sikuigusa. Nilipitisha mgongo wa vidole kwenye keisi ya kompyuta, pale nyuma penye chuma kisicho na rangi, nikasikia mtekenyo kama wadudu wanatembea juu ya ngozi. Nikashika waya wa umeme na kuufuata nyuma ya kabati hadi ukutani. Kompyuta ni ya mtumba kutoka Ulaya, imekuja na waya wa hukohuko wenye plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, kwa hiyo mtu alikuwa amesokomeza mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu ili vizuizi vya ndani vifunguke na zile pini mbili ziingie kwa nguvu. Nyumba ngapi hapa mjini nimekuta hivyo, siwezi kuhesabu.

Plagi zile za Ulaya zina ethi, yaani njia ya kushusha ardhini umeme unaovuja, ila ethi yake iko ubavuni: vibati viwili vidogo vinavyogusana na soketi za kwao. Ukiichomeka kwenye soketi yetu, vibati hivyo havigusi chochote. Kompyuta inawaka kama kawaida, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, kuna kapasita ndogo za kuchuja umeme, moja kutoka laivu (waya unaoleta umeme) hadi kwenye keisi, nyingine kutoka nyutro (waya unaourudisha) hadi keisi hiyohiyo. Ethi ikiwepo, kinachovuja hapo kinashuka ardhini. Isipokuwepo, keisi inabaki ikining'inia katikati, takriban nusu ya zile volti 230 za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenya tu badala ya kukurusha.

Sasa fikiria waya wa USB umefunga keisi hiyo na printa iliyochomekwa soketi nyingine. Ule umeme unaotafuta njia unapita humohumo. Na data ndani ya USB 2.0, inapokwenda kwa kasi yake ya juu, husafiri kwa volti kama 0.4 tu. Ni kunong'ona kabisa. Vurugu kidogo kwenye waya na kompyuta inaamua kwamba printa haipo tena.

Dawa yake haikuwa ghali. Pale nyuma ya kompyuta waya wa pini tatu wa kwetu unaingia vilevile. Nilizima kila kitu, nikabadilisha waya, nikachomeka kompyuta na printa kwenye ekstensheni moja yenye ethi, ndipo nikarudisha USB. Tukachapa kurasa 60 mfululizo mwalimu akiwa amesimama pembeni anahesabu kwa sauti. Ilipotoka ya mwisho akaenda jikoni kuchemsha chai.

Naomba jambo moja kwa uzito wake: mtekenyo kwenye keisi usiuzoee. Kama umeweka waya wa pini tatu na bado unatekenywa, huenda ethi ya nyumba yenyewe haijafungwa au nondo yake iliyozikwa nje imekatika. Hapo mwite fundi umeme, si mimi.

Diski za nje ni kesi nyingine, na hii inaniuma zaidi kwa sababu ndani yake mna picha za harusi na za misiba ambazo hazina nakala kwingine. Mtu anakuja, "Fundi, diski imekufa, inalia tik, tik, tik." Mara nyingi haijafa. Ina njaa. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na diski yenye mota huvuta nyingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Ukiiunganisha kwa waya mwembamba wa mita mbili, volti zinapotelea njiani. Nina kipima umeme kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Juzi kwenye diski ya kijana mmoja kilisoma volti 5.1 bila mzigo, diski ilipoanza kuzunguka kikashuka hadi 4.3, ikakata. Waya mfupi na mnene, tundu la nyuma ya kompyuta, ikafunguka. Usiendelee kuichomeka na kuichomoa ikilia hivyo, kila jaribio linaitesa. Na ikishafunguka, nakili kwanza, mengine baadaye.

Kwa nini tundu la nyuma? Yale ya nyuma yamelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta. Ya mbele yanafikiwa kwa waya mwembamba uliopita ndani ya keisi, na ndiyo yanayopigwa na vumbi letu la kiangazi, yanachomekwa flashi kila siku hadi yanalegea. Habu, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB, isiyo na adapta yake ya umeme nayo inagawa umeme wa tundu moja kwa vifaa vyote vilivyopo juu yake, kwa hiyo printa, diski na kamera hapo zinanyang'anyana.

Mausi isiyo na waya ikirukaruka, badilisha betri kwanza. Ikiendelea, tazama jirani wa kile kipokezi chake kidogo kinachochomekwa kwenye USB. Mwaka 2012 Intel walitoa maelezo kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya mausi nyingi za namna hii. Hamishia kipokezi mbali na diski, upande wa pili wa kompyuta au kwenye kiwaya kifupi cha kurefushia. Inatulia.

Na kama kifaa kinapotea baada ya kompyuta kukaa bila kutumiwa tu, wakati mwingine wote kiko sawa, hapo ndipo ninapogeukia programu. Kwenye Windows fungua Device Manager, tafuta ilipo orodha ya USB, na kwenye kila habu ondoa alama ya tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kubana umeme. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo kikapona, hutajua kipi kimekiponyesha, na tatizo likirudi utaanza upya.

Mkiniletea kompyuta, leteni na waya zake zote, hata ule mnaoamini hauna shida. Hasa huo.