Kagua mzinga, usikague mti

Mfugaji nyuki wa Sikonge akimtuma kijana kurina asali, humwelekeza alama iliyo kwenye mzinga. Mti hautoshi: mzinga waweza kushushwa usiku, ukapandishwa wa mtu mwingine palepale.

Kanzidata, yaani hifadhi za taarifa kwenye kompyuta, nazo zina alama hiyo. Katika PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, kila jedwali lina mmiliki, kwa kawaida yule aliyeliunda. Ruhusa ya kusoma anaweza kumgawia yeyote, lakini kubadili muundo wa jedwali kunabaki kwake na kwa mtumiaji mkuu (superuser), mwenye mamlaka yote.

Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro ya usalama katika PostgreSQL, ikaorodheshwa kwa namba CVE-2014-0062, nayo ni kisa cha mti na mzinga kabisa. Amri ya kuunda faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji katika jedwali) ililitafuta jedwali kwa jina zaidi ya mara moja: kwanza ikague umiliki, kisha ifanye kazi. Katikati, mwenye akaunti ya kawaida aliweza kufanya jina lilelile lielekee jedwali jingine. Ukaguzi ukapita kwa jedwali lake, kazi ikafanyika kwenye la mwenzake. Dawa ikawa kutafuta jina mara moja tu, kisha kushikilia namba ya ndani ya jedwali hadi mwisho. Kasoro nyingine, CVE-2020-1720, ilikuwa nyepesi kueleza: amri moja haikukagua ruhusa kabisa.

Nikiletewa marekebisho ya msimbo ya namna hii niyahakiki, naanza na anayepaswa kukataliwa. Naingia kwa akaunti ya mtu baki, natoa amri, nasubiri ikataliwe. Utashangaa ni mara ngapi fundi amejaribu kwa akaunti ya mtumiaji mkuu, ambaye hakaguliwi umiliki! Ni kama kupima kufuli kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Kisha natazama amri ndugu, maana pengo la kwenye jedwali mara nyingi lina pacha wake kwenye faharasa au kazi-tendaji (function).

Chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku Urambo hakitasoma msimbo huo, wala hakihitaji, hata kama malipo yake yamo kwenye kanzidata hiyo. PostgreSQL hutoa matoleo madogo ya marekebisho Februari, Mei, Agosti na Novemba. Muulizeni fundi wenu kama amesakinisha la mwisho. Muulizeni pia programu ya malipo inaingia kwa akaunti ipi. Akijibu ni ya mtumiaji mkuu, ukaguzi wote wa umiliki unarukwa, hata kama toleo lilisakinishwa jana.