El Niño peke yake haileti mafuriko ya vuli

Bahari ya Pasifiki kwenye ikweta ikipata joto kuliko kawaida tu (hiyo ndiyo El Niño), majibu ya mtihani huwa yaleyale: “El Niño imekuja, kwa hiyo Afrika Mashariki itafurika.” Nimechoka kuikata sentensi hii kwa kalamu nyekundu, maana wanafunzi wanaitoa kwenye notisi za walimu.

Tazameni miaka. Vuli ya 1961 ilifurika, Ziwa Victoria likaanza kupanda, na El Niño haikuwepo. Ya 2019 vilevile. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali kabisa, lakini mafuriko ya kiwango cha 1997 hayakuja. Miaka ya 1961, 1997 na 2019 inaunganishwa na dipoli chanya ya Bahari ya Hindi (magharibi ya bahari huwa na joto kuliko kawaida, mashariki baridi kuliko kawaida), tena yenye nguvu. Ya 2015 ilikuwa dhaifu.

Kwa kawaida, Oktoba na Novemba, upepo wa ikweta huvuma kuelekea Sumatra, kisiwa cha Indonesia, hewa ikapanda Indonesia na kushuka kwetu. Dipoli ikiwa chanya, upepo hugeuka, maji baridi huibuka Sumatra, joto hubaki upande wetu na hewa hupanda huku. El Niño mara nyingi husaidia kuianzisha. Si kila mara.

Sasa kipimo cha dipoli, ambacho huharibiwa kuliko vyote. Unachukua joto la uso wa bahari la magharibi (longitudo 50–70 mashariki, latitudo 10 kaskazini hadi 10 kusini) na kutoa la mashariki (longitudo 90–110, latitudo 10 kusini hadi ikweta). Hutoi joto ghafi! Kila eneo kwanza linganisha na wastani wake wa miaka mingi kwa mwezi uleule, ndipo utoe. Ukitumia joto ghafi, unapima jiografia ya kawaida ya bahari, wala si badiliko la mwaka huo. Jibu likikaa juu ya nyuzi 0.4 za Selsiasi kwa wiki kadhaa, hapo ndipo tuzungumze.

Darasani tumia tangi la samaki lililo refu. Jaza nusu maji baridi ya bluu yenye chumvi. Juu yake pitisha maji mekundu ya uvuguvugu kwenye sifongo inayoelea. Ukimwaga moja kwa moja yatachanganyika. Puliza draya ya nywele sambamba na uso wa maji, kutoka upande wa “Sumatra”: wekundu hulundikana upande wetu, bluu huibuka chini ya draya. Waambieni ukweli pia: tangi halizunguki. Sumatra halisi, upepo wa kusini-mashariki hufuata ufuko, na mzunguko wa dunia ndio unaoyasukuma maji ya juu mbali na pwani.

Na msiibebe dipoli hadi masika. Kilele chake ni Septemba hadi Novemba, kisha hufa pepo za msimu zinapogeuka. Utabiri wa Machi hadi Mei bado ni dhaifu, na maelezo ya kwa nini masika yalipungua baada ya miaka ya 1980 yanapingana. Mwanafunzi anayeandika hivyo, mimi nampa alama.