Serikali kuu ya Marekani ikikubali, jimbo bado linaweza kushtaki

Wiki hii nimeulizwa tena, na kusema kweli nimechoka: "Wakili, si serikali kuu imeshaziruhusu kampuni kuungana, sasa mwanasheria mkuu wa jimbo anashtaki nini?" Jamani. Kansas ilipiga marufuku njama za kupanga bei 1889, mwaka mzima kabla ya Sherman, sheria ya serikali kuu dhidi ya ukiritimba, kwa hiyo majimbo ya Marekani hayakuazima hii kazi kwa mtu.

Ngoja niwape American Stores. 1988 wananunua Lucky, supamaketi mbili kubwa za California, FTC, tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani, wakakaa nao, wakasema uzeni maduka kadhaa, mengine chukueni, wakapitisha rasmi tarehe 31 Agosti. Kesho yake, kesho yake tu, California ikafungua kesi. Ikafika Mahakama ya Juu, na 1990 majaji wote wakasema jimbo linaweza kuomba hata kampuni zilizokwisha kuungana zitenganishwe. Na hapa ndipo watu wanaponiudhi, maana jimbo haliingii pale kama mdogo wake FTC anayesubiri ruhusa, linaingia kama mdai yeyote anayeogopa kuumizwa, ndo maana makubaliano ya FTC hayalifungi, ila na lenyewe lazima lithibitishe kwamba watu wake, huyo mama anayenunua maziwa na mkate pale, ndio watakaoumia.

Faini nayo, mwanasheria mkuu haandiki tu kama trafiki, anaithibitisha kortini. Texas waliihesabia Waters-Pierce, kampuni ya mafuta, faini kwa siku: 1907 ikafika dola 1,623,900 na juu yake kibali chake cha biashara kikafutwa. Fidia ni kitu kingine kabisa, tangu 1976 jimbo linaweza kudai hasara kwa niaba ya wananchi wake kwa sheria ya shirikisho, mara tatu ya hasara yenyewe.

Kinachoninyima raha ni kuungana kwa kampuni za simu, T-Mobile na Sprint. Majimbo yaliendelea na kesi baada ya serikali kuu kukubali, yakashindwa Februari 2020, na jaji aliupa uzito uamuzi huo wa serikali kuu. Kwa hiyo haufungi, lakini jaji anausikiliza, na sijui nimweleze vipi mteja tofauti ya hivyo viwili. Halafu Desemba 2024 jimbo la Washington, kwenye mahakama yake lenyewe pale Seattle, kwa sheria yake lenyewe, likawazuia Kroger na Albertsons, supamaketi nyingine kubwa, wasiungane, siku ileile FTC waliposhinda kesi yao dhidi ya muungano huohuo kule Oregon.